Kwaya ya Kanisani, Norwich na Bagamoyo

Kila nikija likizo Bagamoyo swali ni lilelile na mara nyingi mjomba ndo analianzisha, tena kabla hata chai haijamiminwa, eti mwanangu ni kweli Wazungu wameacha kanisa? Na mimi sina sababu ya kumdanganya mzee wangu. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Ninapoishi, Norwich, mashariki ya Uingereza, kuna makanisa ya kale zaidi ya 30 katikati ya mji tu, mengine yana miaka mingi kabla hata Mreno hajatia nanga pwani yetu, na mengi hayasaliwi tena, moja wamelifanya ukumbi wa maigizo ya vikaragosi, jingine watu wanajifunzia sarakasi humohumo walimokuwa wanabatiziwa watoto. Bibi akisikia hilo la sarakasi anashika kichwa na kuomba Mungu atuepushie.

Ila safari hii nimeamua kumalizia jibu, maana nikiishia hapo kila mwaka nakuwa nimesema nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba watu hao hao walioacha ibada hawajaacha kwaya. Na simaanishi kwaya za matamasha, namaanisha kwaya ya ibada, zaburi na Kilatini na mambo yote.

Kanisa kuu la Waanglikana pale Norwich, lililoanza kujengwa mwaka 1096, lina ibada ya jioni siku nyingi za wiki, wenyewe wanaiita Evensong, na karibu yote inaimbwa na kwaya. Hakuna kiingilio. Mimi ni Mkatoliki, Jumapili nasali kwetu, ila nafanya kazi nyumba ya kulea wazee na zamu ya asubuhi ikiisha mapema napita pale nakaa. Nilitegemea nikute vibibi vichache na padre wao. Nikakuta wanafunzi wa chuo na mabegi yao, fundi ujenzi na buti zina saruji, watalii, mama mmoja kapakata mtoto amelala. Baadaye nilivyoanza kuzoeana na wale wa mara kwa mara nikagundua wengine hawana dini kabisa, na wanakwambia waziwazi, mimi siamini lakini nakuja kusikiliza. BBC wanairusha ibada hii redioni tangu mwaka 1926 na bado ipo hadi leo, sasa kitu kisicho na wapenzi hakikai redioni miaka yote hiyo.

Kwa aliyezoea masifu ya jioni ya kwetu hatapotea. Kuna zaburi, kuna wimbo wa Bikira Maria, kuna wimbo wa mzee Simeoni, masomo, sala. Waimbaji wanakaa pande mbili wanatazamana, upande huu ukiimba mstari upande ule unapokea, na zaburi zote 150 katika kitabu chao cha sala zimegawanywa kwa siku 30, asubuhi na jioni, zikiisha wanaanza upya. Jioni ya tarehe 15 inaangukia Zaburi ya 78, aya zaidi ya 70, ndefu kweli kweli, kwaya nyingi siku hizi wanaipunguza lakini ukiikuta inaimbwa kipande kirefu utaona jinsi waimbaji wanavyobebana.

Na hakuna makofi. Hilo ndo lilinikamata zaidi ya yote. Wanaimba kitu kizuri mpaka unahisi nywele zinasimama, halafu kimya, halafu padre anaendelea na sala kama kawaida. Januari wakati wa baridi kali nimewahi kukaa pale tukiwa wachache kuliko waimbaji, na waliimba vilevile, hawakupunguza hata kidogo, watoto wa shule na watu wazima, kila mmoja na karatasi yake.

Pale ndo nilianza kuelewa nilichokuwa najiuliza siku zote, kwa nini muziki huu haufi. Watu husema ni kwa sababu ni mzuri. Sawa ni mzuri, lakini nyimbo nzuri ngapi zimekufa? Mimi naona unaishi kwa sababu haukutungwa kwa ajili ya hadhira. Ulitungwa ufanye kazi, zaburi ya leo iimbwe leo, misa ya Jumapili iimbwe Jumapili, awepo msikilizaji asiwepo. Unachohitaji ni watu wa kawaida wanaokuja mazoezini. Ukiwa na watu hao muziki upo, wakiacha kuja umekwisha, hata kama kuna rekodi elfu moja.

Chukua William Byrd, mtunzi wa muziki Mwingereza. Huyu alikuwa Mkatoliki wakati wa Malkia Elizabeth wa kwanza, enzi ambazo misa ya Kikatoliki ilikuwa marufuku Uingereza. Akatunga muziki wa misa tatu, ya sauti tatu, ya sauti nne, ya sauti tano, zikachapwa miaka ya 1590 bila kurasa za mbele wala jina la mchapaji, maana ilikuwa hatari. Ziliimbwa majumbani, milango imefungwa, kina fulani wachache wamekusanyika sebuleni na padre wa kujificha. Mwaka 1605 akatoa kitabu kingine, Gradualia, na mwaka huohuo Mfaransa mmoja alikamatwa London akatupwa jela ya Newgate kwa kukutwa nacho. Jela, kwa sababu ya nota! Byrd alifariki mwaka 1623, na leo muziki ule ule wa kujifichia unaimbwa mchana kweupe kwenye makanisa makuu ya Waanglikana, waliokuwa upande wa pili wa ugomvi huo. Mi nikiwaza hilo nakosa la kusema.

Sasa hapa ndo nije nyumbani.

Misheni yetu Bagamoyo ilianzishwa na mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, na watu wa kwanza kuishi pale walikuwa watumwa waliokombolewa, watoto wengi wao, waliotolewa bara huko kila mmoja na lugha yake. Kwetu kuna ukoo wa upande wa mama unaotokea kwenye kijiji kile cha misheni. Watu hao hawakuwa na kabila moja, hawakuwa na babu mmoja wala wimbo mmoja wa jando wa kuimba pamoja, na misa ilikuwa ya Kilatini, lugha isiyokuwa ya yeyote kati yao. Nadhani ndo maana kwaya kwetu haijawahi kuwa pambo la ibada tu. Bibi anasema waliozaliwa misheni walijuana kwa sauti, fulani besi, fulani sauti ya pili, hata msibani wakikutana hawaulizani, kila mtu anajipanga mahali pake. Lile kanisa kubwa lililojengwa kati ya 1910 na 1914 nalo linasaidia, paa liko juu, ukuta mnene, ukiimba taratibu sauti inakaa hewani kidogo kabla haijaondoka. Ukiimba haraka haraka na spika kubwa inakuwa fujo tupu, maneno hayasikiki.

Na hapo ndo mimi na mwalimu wa kwaya tulipoanza kubishana.

Mwalimu wetu ni kijana, ana kipaji, kinanda anapiga vizuri na vijana wanampenda. Lakini siku hizi kila wimbo unaanza na mdundo wa kinanda, ule wa kuweka mashine inapiga yenyewe, na nguvu kubwa ya kwaya imehamia kwenye video, sare mpya, kwenda kushuti ufukweni, michango. Nilivyomuuliza zile nyimbo za sauti nne tupu mbona sizisikii akaniambia, "Dada, nikiwaletea wimbo wa taratibu usio na mdundo vijana wananikimbia. Wanasema unalaza watu." Simlaumu kabisa, anaongoza watu wanaojitolea, mwingine ametoka kwenye bodaboda, mwingine soko la samaki tangu alfajiri, na nyimbo za kucheza ni za kwetu na zina nafasi yake kwenye ibada, mimi mwenyewe nacheza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwenye hati ya liturujia ya Desemba 1963, ulisema muziki wa watu wa nchi za misioni upewe heshima yake, na hati hiyo hiyo ikasema hazina ya muziki mtakatifu ya zamani itunzwe na kwaya ziendelezwe. Yote mawili. Nilichomwambia ni kwamba tumeshika la kwanza tukaliacha la pili.

Nikamwomba kitu kimoja. Anipe mazoezi machache, kinanda kizimwe, niwafundishe wimbo mmoja wa Byrd, Ave verum corpus, ambao umo kwenye kile kitabu cha 1605, wimbo mfupi wa Ekaristi wa sauti nne, unafaa kabisa wakati wa komunyo. Niliunakili kwa mkono kwa nota zetu za d r m.

Na kuhusu nota hizi kuna jambo lililonifurahisha sana nilipolijua. Zile herufi tunazosomea kwaya, d r m f s l t na nukta zake na mistari yake, ambazo mwalimu yeyote wa kwaya Tanzania anaziandika ubaoni, mzizi wake uko Norwich! Dada mmoja anaitwa Sarah Ann Glover, mtoto wa padre wa parokia ya Mtakatifu Laurence pale pale mjini, alizaliwa 1786, ndo aliyebuni namna ya kuwafundisha watoto kuimba kwa herufi na mwaka 1835 akatoa kitabu chake. Mchungaji John Curwen akaichukua njia ile akairekebisha na kuisambaza, maana alikuwa ametumwa atafute namna nyepesi ya kufundisha uimbaji kwenye shule za Jumapili, kwa watoto ambao hakuna wa kuwanunulia piano. Wamisionari wakaibeba mpaka Madagaska, mpaka Afrika Kusini, ikaenea. Kanisa lile la Mtakatifu Laurence lipo bado, nalipita nikienda sokoni, nalo halisaliwi tena. Kanisa limefungwa, nota zake ziko Bagamoyo ubaoni kila wiki.

Halafu fikiria Enoch Sontonga. Mwalimu wa shule na wa kwaya kwenye shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, mwaka 1897 anaandika wimbo wa kuomba baraka kwa ajili ya Afrika, anauandika kwenye daftari kwa nota hizi hizi za herufi. Akafa 1905, hajulikani nje ya kwao. Huo ndo muziki tunaousimamia leo tukiimba Mungu ibariki Afrika, Tanganyika iliuchukua ilipopata uhuru mwaka 1961. Yaani wimbo wetu wa taifa ni wimbo wa kwaya ya kanisa, una sauti zake nne, na angalia uwanjani watu wanavyouimba hata wasiojua nota, besi wanajitafutia besi yao. Anayesema muziki wa kwaya unalaza watu ajiulize kwa nini ule haujamlaza mtu.

Basi mazoezi yakaanza. Ukumbi ulikuwa na harusi kwa hiyo tukahamia uani kwetu chini ya mwembe, wengine kwenye mabenchi, wengine wamesimama. Kinanda hamna. Nikawapa sauti kwa mdomo.

Pale mwanzoni kabisa mwa wimbo kuna kitu. Soprano wana se, yaani ile soh iliyopandishwa nusu, na hapohapo wakitoka tu besi wanaingia na soh ya kawaida, ile ambayo haijapandishwa. Sauti mbili zinazokaribiana kiasi kile kwa kawaida hazifuatani hivyo, sikio linashtuka. Binti mmoja wa alto, msomaji mzuri wa nota, akanyoosha mkono, dada hapa umekosea kunakili, huku kuna se kule kuna s. Nikamwambia umeona vizuri, ndivyo alivyoandika mwenyewe. Wakajaribu, besi wakawa wanavutwa juu na soprano, wanaiacha soh yao wanaifuata se, tukarudia. Wakavutwa tena. Mzee mmoja wa besi, yule ambaye muda wote alikuwa kimya, akawaambia wenzake, "Msiwasikilize wale, sikilizeni miguu yenu," sijui alimaanisha nini hasa lakini waliimba, na safari ile ikakaa. Yaani ilikaa! Ule mgongano mdogo ukasikika, uchungu kidogo halafu unafunguka. Vijana walioniambia muziki wa taratibu unachosha wakataka turudie mara nyingine, na nyingine, mpaka mama akaja kuuliza kwani wimbo wenyewe una mstari mmoja?

Mwalimu hakusema kitu wakati ule. Alikuwa anaandika kwenye simu yake. Baadaye ndo kaniambia alikuwa anapanga nani akae karibu na nani.

Jirani yetu, mama mkubwa wa pale ng'ambo ya njia, Muislamu, tumelelewa naye kama mama zetu wote wa mtaa, alikuwa amekaa barazani kwake anachambua mchele na alikuwa anasikia kila kitu. Jioni nilivyokwenda kumwamkia akaniambia, mwanangu, lile la leo ndo kuimba, hizo ngoma zenu za spika siku nyingine zinaniuma kichwa. Halafu akasema linamkumbusha zikri. Yeye kakulia kwenye Kadiria, na Bagamoyo kila mtu anajua habari ya Sheikh Ramiya, aliyeletwa pwani mtumwa kutoka Manyema huko Kongo, akaja kuwa mwanachuoni na kiongozi mkubwa wa tarika ya Kadiria mji huu mpaka alipofariki mwaka 1931. Ziara yake watu wanakuja mbali kuihudhuria. Mama mkubwa anasema kwenye zikri mtu mmoja peke yake si kitu, ni pumzi za watu wengi zinatoka pamoja na zinaingia pamoja, na asiyesikiliza wenzake anaharibu.

Sisemi ni kitu kimoja, dini ni dini na kila mtu na yake. Lakini nilikaa nalo lile neno lake usiku kucha. Mji mmoja, enzi zinazopishana kidogo tu, upande wa misheni watumwa waliokombolewa wanajifunza kuimba zaburi, upande wa pili mtu aliyekuwa mtumwa anakuja kuwaongoza watu kwenye zikri, na pande zote mbili watu walionyang'anywa kila kitu wameanza na pumzi, kitu ambacho hakuna aliyeweza kuwauzia wala kuwanunua nacho. Hakuna aliyewaandalia jukwaa. Bagamoyo tunajisahau, tunaonyesha watalii magofu na ile njia ya misafara, haya tunayaacha.

Na hilo la pumzi si maneno ya mama mkubwa tu. Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, mwaka 2013 watafiti walichapisha kazi yao kuhusu waimbaji wa kwaya, wakaona mapigo ya moyo yanapanda na kushuka kwa pamoja wakati wa kuimba, kwa sababu wimbo unawafanya wapumue pamoja, na kupumua ndo kunauendesha moyo. Nilimsomea mama mkubwa habari hiyo kwenye simu. Akasema wamechelewa.

Kwa hiyo mjomba, jibu langu kamili ni hili. Wengi wao wameacha kusali. Lakini wakitaka kukaa mahali pasipo na mtu anayewauzia kitu wala kuwaomba wapige kura ya msanii bora, wanakwenda kukaa pale kwaya inapoimba zaburi ya siku, na wengine wakikaa sana wanaanza kuomba kuimba. Nawajua wawili walioingia kwaya bila dini na sasa wanasali. Nawajua wengi zaidi ambao wameimba miaka na hawajaanza kusali, na bado hawakosi mazoezi, na mimi siwezi kuwahukumu.

Wimbo wa Byrd tumeuimba wakati wa komunyo Jumapili iliyopita. Haukuwa kamili, alto walipoteza mahali pao katikati na sauti ya tatu, ile ya juu ya wanaume, ilikuwa watu wawili tu, mmoja ana mafua. Paroko hakutangaza kitu, watu waliendelea na foleni yao, hakuna aliyepiga makofi. Baada ya misa mwalimu kaniuliza kama naweza kumwandikia na ile misa ya sauti nne, angalau Mwanakondoo, nikirudi Norwich nimtumie kwa picha. Nitaandika. Sharti langu ni kwamba siku moja ya mazoezi kila wiki kinanda kibaki kwenye begi lake, na kakubali mbele ya wanakwaya wote, wao mashahidi.

Ila waimbaji wa sauti ya tatu hawatoshi jamani. Kama uko Bagamoyo, au hata Kiromo au Zinga huko, na una sauti ya tatu au unadhani unayo, mazoezi ni Jumatano na Jumamosi baada ya alasiri, nota si lazima uzijue, utafundishwa hapohapo.